Kumtembeza mzazi Disney ya Florida kwa skuta ya umeme

Mara ya kwanza tulipompeleka mama Disney, tulimwacha benchini. Hatukukusudia. Alikuwa amefunga safari kutoka Lamu hadi Mombasa, Mombasa hadi Nairobi, Nairobi hadi kwetu Marekani, na wajukuu walikuwa wakihesabu siku kwenye kalenda ya jikoni. Saa tatu asubuhi tulikuwa langoni. Saa sita magoti yake yalikuwa yamekataa. Akaketi kwenye benchi chini ya mti, akavua viatu, akasema, "Nendeni nyinyi, mimi nitawalindia mifuko." Tukaenda. Tuliporudi alasiri tulimkuta palepale, mifuko imepangwa ubavuni mwake kama ya msafiri anayengoja chombo.

Miaka miwili baadaye tulirudi na skuta ya umeme. Safari hiyo mama alizunguka bustani nzima, na akaona mambo ambayo sisi wenye magoti mazima tuliyapita bila kuyatazama. Naandika haya kwa yeyote aliye na mzazi, mke, mume au ndugu mwenye miguu ya kumsumbua na anafikiria kumpeleka.

Skuta ninayoisema si ile pikipiki ndogo ya mjini wala kile cha kusimama cha watoto. Ni kiti chenye magurudumu matatu au manne, usukani mbele, kikapu kidogo na betri chini ya kiti, nayo hutembea kwa mwendo wa mtu anayekwenda kwa miguu.

Kwanza jua ukubwa wa pahali penyewe

Walt Disney World iko karibu na mji wa Orlando na ina bustani nne za burudani: Magic Kingdom iliyofunguliwa 1971, EPCOT ya 1982, Hollywood Studios ya 1989 na Animal Kingdom ya 1998. Kila moja inataka siku yake. Kule EPCOT, njia inayozunguka ziwa lenye mabanda ya mataifa mbalimbali peke yake ni karibu kilomita 2, na hiyo si bustani yote. Animal Kingdom ni pana zaidi, ina miinuko, na njia zake zimefinyangwa makusudi zifanane na udongo mkavu ulioacha alama za magurudumu.

Kwa hiyo usimuulize mzee, "Utaweza kutembea?" Atakwambia ndiyo, kwa sababu anatoka sebuleni hadi jikoni na hadi msikitini bila taabu. Muulize kama anaweza kwenda sokoni akarudi, akaenda tena akarudi, mara tano kwa siku moja, siku tatu mfululizo. Jibu la swali hilo ndilo la kufanyia mipango.

Hatua ya 1: Malizeni mazungumzo nyumbani

Hii ndiyo hatua ngumu kuliko zote, na watu wengi huiruka. Wanafika langoni, mzee anaonyeshwa skuta mbele ya wajukuu na wageni, anasema hataki, na siku inaharibika.

Mama aliposikia habari ya skuta mara ya kwanza alibadilisha mazungumzo kwa upole. Mara ya pili akasema, "Mwanangu, mimi bado sijawa wa kubebwa." Nikanyamaza siku mbili. Siku ya tatu, tukiwa wawili tu, nikamuuliza, "Mama, mzigo ukishuka gatini unaupelekaje nyumbani?"

"Kwa punda."

"Na ukichoka wewe?"

"Nimepanda punda mara ngapi utotoni!"

"Basi hiki ni punda, mama. Huyu anakula umeme."

Akacheka. Tangu siku hiyo skuta ikaitwa punda nyumbani kwetu, na kwa sababu jina lilikuwa lake, kitu chenyewe nacho kikawa chake. Tafuta neno la nyumbani kwenu. Mwonyeshe video za watu wa rika lake wakiendesha. Mwambie pia ukweli huu, ambao ndio ulionifanya nichague skuta badala ya kiti cha magurudumu cha kusukumwa: kwenye kiti cha kusukumwa, anayesukuma ndiye anayeamua pa kusimama na pa kupita. Mzee akitaka kutazama ua, ni lazima aombe, na wazee wetu hawapendi kuomba. Kwenye skuta anasimama mwenyewe. Sisi wengine ndio tunaomngoja.

Lakini usilazimishe skuta kwa kila mtu. Kama macho hayaoni vizuri, kama mkono ni mzito kuachia kitu haraka, au kama mzee husahau alipo, kiti cha kusukumwa ni salama zaidi kwake na kwa watoto wanaokatiza mbele.

Hatua ya 2: Amua skuta itatoka wapi

Kuna njia tatu.

Ya kwanza ni kukodi ndani ya bustani, karibu na lango. Faida yake ni kwamba betri ikiisha wanakubadilishia. Hasara ni mbili. Hakuna kuweka nafasi mapema, anayefika kwanza ndiye anayepata, na siku za watu wengi huisha asubuhi. Tena skuta hiyo haitoki nje ya lango. Mzee atatembea kutoka gari au basi hadi langoni, na jioni, wakati amechoka zaidi, atatembea tena kurudi. Anayekodi lazima awe na umri wa miaka 18 au zaidi.

Ya pili ni kukodi kwa kampuni ya nje ya bustani, inayokuletea skuta hotelini na kuichukua mwisho wa safari. Hii ndiyo niliyoichagua, na ningeichagua tena, kwa sababu mama alikuwa na punda wake tangu kitandani hadi kitandani. Kwa siku nyingi pia gharama huwa nafuu. Uliza mambo manne kabla ya kulipa: betri inakwenda umbali gani, skuta inabeba kilo ngapi, mkiharibikiwa watafika kwa muda gani, na ni lazima uwepo mwenyewe inapoletwa au wataiacha kwa wahudumu wa hoteli. Siku yetu ya kwanza kampuni tuliyokodi ilituletea betri iliyochoka. Saa tisa mchana taa ya chaji ilikuwa nyekundu nasi tuko mbali na lango. Walituletea nyingine usiku, lakini alasiri ile ilipotea. Tangu hapo, skuta ikifika naiwasha, natazama taa za chaji, kisha namwomba mleta aizungushe nusu saa nje ya hoteli mbele yangu kabla sijatia saini.

Ya tatu ni kuja na ya kwenu. Hiyo nimeipa hatua yake hapo chini.

Yoyote utakayochagua, masharti ya Disney ni yale yale. Skuta iwe na magurudumu matatu au zaidi na iweze kusimama yenyewe bila kuegemezwa. Upana usizidi sentimita 92 na urefu usizidi sentimita 132. Iende kwa mwendo wa kutembea. Na impakie mtu mmoja tu. Waambie wajukuu sharti hili la mwisho mapema, maana wote watataka kupakatwa na bibi, na bibi atataka kuwapakata.

Hatua ya 3: Kama unasafiri na skuta yako kwa ndege

Skuta ya mtu mwenye tatizo la kutembea haihesabiwi kama mzigo, na kwa safari za kuingia na kutoka Marekani shirika la ndege halikutozi kuibeba. Lakini wanataka kujua habari za betri, tena mapema. Wapigie angalau saa 48 kabla ya safari.

Betri za madini ya risasi zilizozibwa, zile za jeli au zilizoandikwa AGM, kwa kawaida hubaki kwenye skuta. Betri ya lithiamu inayochomolewa huchomolewa na kubebwa ndani ya ndege mkononi, na mpaka wake ni saa-wati (Wh) 300. Kama chini ya betri hapajaandikwa saa-wati, zidisha volti kwa saa-ampea (Ah): volti 24 mara 12 ni 288, hiyo inapita. Piga picha karatasi ya betri na uiweke kwenye simu, kwa sababu utaulizwa kaunta, utaulizwa mlangoni mwa ndege, na utaulizwa tena uwanja wa kuunganisha.

Kabla ya kuikabidhi, piga picha skuta yenyewe pande zote nne. Chomoa ufunguo. Ondoa kikapu na chochote kinachochomoka, uvibebe. Andika kwa herufi kubwa kwenye karatasi jinsi ya kuachia breki ili isukumwe, uibandike kwenye kiti. Wapakiaji wasipojua huiburuta, na kuburutwa ndiko kunakovunja.

Kisha chaja. Umeme wa Kenya, Tanzania na Uganda ni wa volti 230 hadi 240. Wa Marekani ni 120. Geuza chaja usome maandishi madogo. Ukiona 100–240V, inatosha kununua kiunganishi, kwa kuwa plagi yetu ya miguu mitatu ya mraba haiingii kwenye tundu lao la vipande viwili bapa. Ukiona 220–240V peke yake, chaja hiyo haitafanya kazi kule. Nunua au azima nyingine kabla ya kusafiri.

Hatua ya 4: Mfundishe mwendo siku moja kabla

Usimfundishe bustanini. Mfundishe kwenye maegesho ya hoteli, jioni, magari yakiwa machache.

Skuta nyingi zina kitufe cha kuzungusha cha kurekebisha kasi, na badala ya namba kimechorwa kobe upande mmoja na sungura upande wa pili. Mama alikitazama akatabasamu. "Hadithi yetu hii," akasema, akazungusha hadi kwa kobe na hakuitoa hapo siku zote tatu. Nawe mwache kwenye kobe. Sungura ni wa njia pana tupu, na Disney hakuna njia tupu.

Chini ya vishikio kuna wenzo. Kwa skuta nyingi, kidole gumba cha kulia husukuma mbele na cha kushoto hurudisha nyuma. Ukiachia wenzo, skuta husimama yenyewe. Hili lirudie naye mara kumi: kusimama ni kuachia. Mtu anayeogopa hukaza mkono, na akikaza mkono kwenye skuta ndipo inapozidi kwenda. Mfanyie zoezi la kushtuliwa: tembea mbele yake, simama ghafla, aachie.

Mfundishe pia haya. Anapopanda au kushuka, ufunguo uwe umezimwa, la sivyo nguo au mkoba ukigusa wenzo skuta itaruka. Anayevaa buibui au kanga akunje upindo juu ya mapaja, usiburute karibu na gurudumu. Mteremko apande na kushuka moja kwa moja, asigeuze katikati, hasa skuta ya magurudumu matatu. Na nyuma, karibu na gurudumu, kuna wenzo mdogo wa kuachia gia ili skuta isukumwe. Huo usiguswe akiwa amekaa: ukiachiwa, breki hazipo, na kwenye mteremko skuta itaporomoka. Sisi tuliufunga utepe mwekundu ili watoto wasiuchezee.

Mizigo iwe mbele kwenye kikapu. Mkoba mzito ukining'inizwa nyuma ya kiti, skuta hukosa mizani kwenye mwinuko.

Hatua ya 5: Kufika langoni

Ukija na gari, mweleze mlinzi wa maegesho kwamba mna skuta au kibali cha maegesho ya walemavu, akuelekeze karibu.

Ukikaa hoteli za Disney, mabasi yao yana rampu au lifti, na mwenye skuta huitwa kupanda kabla ya wengine. Dereva hukuonyesha pa kuegesha, kisha huifunga skuta kwa mikanda. Nafasi ni finyu na abiria wote wanatazama. Mama alitokwa na jasho safari ya kwanza. Dereva, mwanamama mtu mzima, akamwambia asiharakishe, basi haliondoki bila yeye. Nilimfasiria, akatulia. Mzee wako akishindwa kugeuza humo ndani, ashuke akae kitini, nawe uiongoze skuta ukiwa umesimama kando, kwenye kobe. Madereva hawaiendeshi kwa niaba yako.

Magic Kingdom ina jambo lake. Wenye magari huegesha ng'ambo ya ziwa, kisha huvuka kwa treni ya juu au kwa feri. Zote mbili zinapokea skuta, lakini njia ya kupandia treni ina mwinuko mrefu. Chukueni feri. Unaingia sawasawa na gati, unakaa sitaha ya chini, na upepo wa maji ni mzuri. Kwa mtu wa pwani hiyo peke yake ni burudani.

EPCOT na Hollywood Studios zina vibanda vya kuning'inia kwenye waya, viitwavyo Skyliner. Wenye skuta wana sehemu yao ya kupandia ambapo kibanda husimamishwa kabisa. Animal Kingdom hufikiwa kwa basi au gari tu.

Hatua ya 6: Foleni na kupanda michezo

Watu wengi hudhani skuta inakupitisha mbele ya foleni. Siyo. Foleni nyingi zimejengwa pana, unaingia na skuta ukiwa umekaa, unangoja pamoja na wengine. Palipo na foleni ya zamani isiyopitisha magurudumu, mfanyakazi wa mlangoni hukupa saa ya kurudi. Ule utaratibu wa kurudi kwa miadi unaoitwa DAS ni kwa watu wenye matatizo kama usonji, ambao hawawezi kabisa kuvumilia foleni, na haupewi mtu kwa sababu ya magoti.

Cha kujua kwa kila mchezo ni utapandaje, na kuna namna tatu. Ya kwanza, unabaki kwenye skuta yako: maonyesho mengi ya ukumbini ni hivi. Ya pili, unaiacha skuta na kuhamia kiti cha magurudumu wanachokupa palepale, kisha kiti hicho kinaingia kwenye chombo: Kilimanjaro Safaris ni hivyo, na mashua za Living with the Land kule EPCOT. Ya tatu, lazima usimame na kuingia mwenyewe kwenye kiti cha mchezo. Programu ya simu ya My Disney Experience huonyesha namna ya kila mchezo. Kaa na mzee usiku, pitieni pamoja, mwache achague mwenyewe.

Hapa kuna jambo zito: wafanyakazi wa Disney hawaruhusiwi kumnyanyua mgeni. Mzee akihitaji kushikwa kiunoni ili aingie, ni wewe au ndugu yako mtakaomshika. Kwa hiyo fanyeni zoezi nyumbani, kutoka kiti kirefu hadi kiti kifupi. Pale chombo kinapopita kwenye mkanda unaotembea bila kusimama, mwambie mfanyakazi mapema kwamba mzee ana miguu mizito, naye ataupunguza mwendo au kuusimamisha. Usione haya kusema. Ni kazi yao na wanaifanya kwa moyo mwema.

Mkiiacha skuta nje ya mchezo, itawekwa pamoja na nyingine kumi zinazofanana nayo kama mayai. Mama alifunga leso yake nyekundu kwenye usukani, fundo mbili, na hatukuitafuta hata mara moja. Na ufunguo mchukue, kwa sababu funguo za skuta za aina moja mara nyingi huwasha zote. Wafanyakazi huweza kuisogeza wakati mko ndani. Ikipotea machoni, tazameni upande wa kutokea.

Hatua ya 7: Njiani katikati ya watu

Hili hakuna aliyeniambia. Watu hawamwoni mtu aliyekaa. Macho yao yako juu, kwenye simu, kwenye kasri, na nafasi ndogo iliyo mbele ya skuta wanaiona kama nafasi tupu ya kupita. Mama alisimama ghafla mara nyingi sana siku ya kwanza, na kila mara yeye ndiye aliyeomba radhi.

Tukapanga upya. Mtu mzima mmoja anatangulia hatua mbili mbele, hasogei kando. Mwingine anabaki nyuma upande wa kulia. Watoto kushoto, kamwe si mbele. Kwa mpangilio huo hatukusimamishwa tena. Wakati wa maandamano ya burudani, Magic Kingdom ina sehemu zilizotengwa kwa wenye magurudumu, lakini hujaa. Ulizeni mahali zilipo mapema na mfike mapema. Usiku baada ya fataki, maelfu hutoka kwa pamoja gizani. Ama ondokeni kabla ya fataki kwisha, au kaeni mkila kitu polepole hadi umati upungue. Tulijaribu yote mawili; kukaa ni bora.

Hatua ya 8: Harambe mpe muda

Kama mna siku moja tu, iwe ya Animal Kingdom. Nasema hivi kwa Waswahili hasa. Ndani yake kuna kijiji kiitwacho Harambe, bandari ya kubuni ya Afrika Mashariki, na waliokichora walichukua mfano wa Lamu. Mabango ni ya Kiswahili. Kuna duka la Mombasa Marketplace, kuna Dawa Bar, na kuna maandishi ya Uhuru 1961. Hoteli iliyo karibu, Animal Kingdom Lodge, ina majengo mawili: Jambo House, na jirani yake Kidani Village.

Siku ile ya benchi mama hakufika huku. Safari hii alipoingia aliachia wenzo, punda akasimama katikati ya njia. Akasoma kila bango kwa sauti. "Harambe," akasema. "E moja imebaki wapi?" Kisha akasogea mwenyewe hadi kwenye ukuta uliochubuliwa makusudi uonekane wa kale, akaugusa kwa kiganja, akaukwaruza kwa ukucha. "Saruji," akasema. "Wetu ni wa matumbawe. Lakini aliyeuchora alifika kwetu. Alitazama sana."

Alikaa pale robo saa. Watoto walitaka kwenda, nikawazuia. Mbele yetu njia ilikuwa pana, haina ngazi. Kule Mkomani, Lamu, vichochoro ni vyembamba, punda wawili wakikutana mmoja hurudi nyuma, na vizingiti na ngazi viko kila pembe. Mama siku hizi hashuki pwani ila kwa kushikwa. Akageuza shingo akanitazama. "Laiti huyu punda angepita kwetu."

Ushauri wa kazi sasa. Njia za Harambe zina mashimo ya mapambo na mitetemo, kwa hiyo mwenye mgongo mbovu apate mto mwembamba wa kukalia. Kilimanjaro Safaris ni lori la wazi la takriban dakika 20 na linaruka kidogo. Nendeni asubuhi wanyama wakiwa macho na mzee bado ana nguvu za kuhamia kiti kingine. Kisha onyesho la nyimbo na sarakasi katika Harambe Theatre, ambako mtu hubaki kwenye skuta yake na kupumzika huku akitazama. Angalieni pia beji za wafanyakazi, maana chini ya jina huandikwa mtu anakotoka. Kijana mmoja beji yake ilikuwa na Kenya. Mama hakusubiri, alimwita "Mwanangu", naye akaja mbio, "Shikamoo, mama." Wakazungumza habari za mvua.

Hatua ya 9: Chaji, maji, dawa, sala

Chaji usiku kucha, kila usiku, hata taa ikionyesha bado ipo. Mchana, mkikaa kula, ombeni meza iliyo karibu na tundu la umeme. Saa moja ya chakula humwongezea punda uhai wa alasiri. Kupanda miinuko hula betri kuliko tambarare.

Chakula mnaruhusiwa kuingia nacho, ila si kwenye chupa za kioo. Mahamri ya mama yalikaa vizuri kwenye kikapu. Migahawa ya kaunta hutoa maji baridi bure ukiomba. Kila bustani ina kituo cha huduma ya kwanza, ambako dawa inayotaka ubaridi, kama insulini, huhifadhiwa. Kuna pia vyoo vya familia, chumba kimoja kipana ambamo skuta na msaidizi huingia pamoja. Vitafuteni kwenye ramani asubuhi, kabla havijahitajika.

Kwa wanaosali: kibla cha Florida ni kaskazini-mashariki. Mama amezoea kaskazini ya Lamu, akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Tulijumuisha adhuhuri na alasiri kwenye kona tulivu, yeye akiwa amekaa, skuta imezimwa na ufunguo mkononi mwangu.

Kuanzia Juni hadi Septemba mvua za radi ni za karibu kila alasiri. Maji hayaelewani na paneli ya usukani. Beba mfuko mkubwa wa nailoni wa kuifunika, na koti la mvua pana la kumfunika mzee pamoja na kiti. Mvua ikianza, ingieni ukumbini msubiri; kwenye sakafu iliyolowa magurudumu huteleza. Mkiweza, nendeni Februari.

Hatua ya 10: Kurudisha

Siku ya mwisho, skuta ichajiwe, ifutwe vumbi, ipigwe picha pande zote kama ulivyofanya ilipofika. Mpe mchukuaji ufunguo mkononi. Kisha pekua kikapu hadi chini, pekua na mfuko wa nyuma ya kiti. Sisi tulikuta ramani ya Harambe iliyokunjwa mara nne, hamri moja, na tasbihi aliyokuwa akiitafuta tangu jana yake. Leso aliifungua mwenyewe.